Makato ya mkopo wa chuo: yaliyonikuta mimi, mwalimu wa Mbeya

Mdogo wangu wa Makambako, umeuliza kama kuna namna ya kukwepa makato ya asilimia 15 uliyoyakuta kwenye mshahara wako wa kwanza. Uchungu wako naufahamu, kwa sababu mimi nilianza kulipa zama za asilimia 8, kisha marekebisho ya sheria ya mwaka 2016 yakatubebesha sote asilimia 15 ya mshahara wa msingi, hata sisi tuliokuwa tumekwisha kusaini mikataba yetu. Kwa mshahara wangu wa shilingi 600,000 makato yalipanda kutoka 48,000 hadi 90,000, na tofauti hiyo ndiyo niliyokuwa nikilipia chumba Mwanjelwa. Baba yangu kule Rungwe alikwisha kuuza ng'ombe wawili wa maziwa kufidia ada ambayo mkopo haukuifikia. Siku ile niliona kama wameuzwa mara ya pili.

Kukwepa sikushauri, maana deni litakungoja. Linaloniuma kuliko asilimia yenyewe ni fedha inayokatwa isifike. Mwajiri wangu wa kwanza, mwenye shule binafsi, alinikata kila mwezi kwa miaka mitatu, na hati za mshahara zilionyesha hivyo, lakini nilipoomba taarifa ya deni kwa Bodi ya Mikopo, inayotoa na kukusanya mikopo hii, nilikuta miezi 11 tu ndiyo iliyopokelewa. Wakati huo ilikuwapo bado tozo ya asilimia 6 kwa mwaka ya kulinda thamani ya mkopo, ile ambayo Rais Samia alitangaza kuifuta Mei Mosi ya 2021 jijini Mwanza, kwa hiyo fedha ilipokwama kwa mwajiri, deni langu lilizidi kuumuka.

Basi omba taarifa ya deni kila mwaka na uilinganishe na hati zako mwezi kwa mwezi. Hakikisha pia mhasibu ameandika sawasawa namba yako ya mtihani wa kidato cha nne, kwa kuwa ndiyo inayokutambulisha kwenye mkopo.

Mimi niliokolewa na mama, aliyezitunza hati zangu sandukuni chini ya vitenge. Nilizitoa nakala, nikaziambatanisha na barua ya malalamiko, na baada ya miezi minane ya kufuatilia mwajiri akabanwa, akalipa. Hati mbili tu zilikuwa zimeliwa na mchwa hata tarakimu hazisomeki. Miezi hiyo miwili nimeilipa upya kutoka mfukoni mwangu.