Ukiwapeleka watoto makumbusho, mchukue na bibi

Mara ya kwanza nilipowapeleka wanafunzi Boma la Iringa, makumbusho ya mjini hapo, tulimaliza jengo zima kwa dakika 25. Niliwapanga mstari, daftari mkononi, wanakili maelezo ya ukutani. Wakanakili. Jumatatu nikawauliza mliona nini. "Vitu vya zamani, mwalimu." Basi. Kosa lilikuwa langu.

Safari iliyofuata nilimwomba bibi mmoja jirani, anayesuka vikapu vya milulu, aina ya nyasi, atusindikize. Nauli na chai juu yangu. Alipofika penye vikapu akacheka: "Mwalimu, hiki si kama changu cha unga?" Akatoa mfukoni kikapu alichofikia nusu, akaketi, akaendelea kusuka. Watoto wakamzunguka. Wengine walikuwa na vikapu hivyohivyo nyumbani, hawajawahi kujiuliza nani alivisuka. Tulikaa hapo karibu saa nzima, vyumba viwili hatukuviingia kabisa, na sijuti.

Kwa hiyo usikimbizane na vyumba. Chagua vitu viwili au vitatu, na kila kimoja kiulizeni: kilitoka wapi, na nani alikibeba?

Kwa swali hilo hakuna mahali kama Kalenga, kijiji karibu na Iringa. Makumbusho yenyewe ni madogo, ukipiga chafya wote wanasikia, lakini humo limo fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani. Alijiua mwaka 1898 asikamatwe na Wajerumani, kichwa kikapelekwa Ujerumani. Mwaka 1919, katika Mkataba wa Versailles uliofunga Vita vya Kwanza vya Dunia, kifungu cha 246 kiliitaka Ujerumani ikabidhi fuvu hilo kwa Waingereza ndani ya miezi 6. Lilirudi mwaka 1954, baada ya Twining, gavana Mwingereza wa Tanganyika, kwenda mwenyewe kulitafuta kwenye makumbusho ya Bremen, katikati ya mafuvu mengine mengi.

Hapo mwanafunzi wangu wa darasa la sita akanyoosha mkono: "Na yale mengine ni ya nani?" Nilikosa jibu. Nikamwambia aandike swali lake, na tangu siku hiyo daftari za safari ni za maswali tu, kunakili nimekufuta.

Walio upande wa Ruvuma wana makumbusho ya Majimaji, vita vya wenyeji dhidi ya Wajerumani, huko Songea. Rais wa Ujerumani, Steinmeier, alikwenda huko Novemba 2023 kuomba radhi kwa yaliyotendwa na wakoloni. Waambie watoto hilo kabla hawajapanda gari. Wataingia wakijua kwamba chumba hicho bado kina kesi na dunia.

Mengine ni ya kawaida: piga simu mapema, nenda siku ya kazi, beba maji.

Mwaka huu niliwaambia kila mmoja aje na kitu cha kwao cha kulinganisha. Wakaja na vibuyu, majembe yasiyo na mpini, mmoja na kinu kizima kichwani. Kondakta akakitoza nauli.