Kabla ya kununua mbao za mtumbwi wa fito, tafuta mizani

Mara ya kwanza nilipopanda soko la Kadutu kutafuta mbao za mtumbwi, nilirudi na mbao za mti wa libuyu. Kila mtu hapa Bukavu anajua kwamba libuyu ndiyo mbao: mlango wa libuyu, kitanda cha libuyu, kabati ambalo wajukuu watagombania. Sikuona kwa nini mtumbwi uwe tofauti. Sababu niliijua siku ya kuushusha ziwani. Ilikuwa msimu wa mvua, udongo unateleza, ngazi hazina mwisho, nasi wanaume watatu tunautua chini kila kona ili tupumue.

Nieleze kwanza ni mtumbwi gani. Si wa kuchonga gogo kama ile ya kisiwa cha Idjwi, wala si boti ya mbao nene na misumari kama zile zinazofungwa tatu tatu kwa miti mirefu kwenda kuvua sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, usiku. Huu unajengwa kwa fito nyembamba, unene milimita 6, upana milimita 20 hivi. Unazipanga juu ya kalibu, yaani vibao vya tripleksi (plywood) vyenye umbo la mtumbwi, zilizosimamishwa kila baada ya sentimita 30, unazigundisha ukingo kwa ukingo, kisha unatoa kalibu na kuuvika mtumbwi kitambaa cha nyuzi za kioo kilicholoweshwa epoksi, gundi ya majimaji inayokauka ikawa ngumu, nje na ndani. Hauna mbavu. Nguvu yake inatoka kwenye zile ngozi mbili za kioo, na mbao iliyo katikati kazi yake kubwa ni kuzitenganisha. Hilo sikulielewa mapema, na ndiyo maana nililipia uzito nisiouhitaji.

Tuanze na ramani, yaani michoro ya kujengea. Kwenye intaneti ziko za kulipia na za bure. Za kulipia mara nyingi ni karatasi kubwa zenye kalibu zote kwa ukubwa wake halisi: unabandika juu ya tripleksi, unakata. Kama mfuko unaruhusu, chukua hiyo. Za bure nyingi ni jedwali la vipimo tu, na hapo ndipo sisi tuliokulia kwenye mita tunapigwa. Unakuta kisanduku kimeandikwa 1-2-3. Nilikaa jioni nzima nikidhani ni namba ya mstari. Kumbe ni futi 1, inchi 2 na sehemu 3 za nane ya inchi. Ukigeuza: milimita 304.8, jumlisha 50.8, jumlisha 9.5, unapata 365. Ukiona alama ya kujumlisha mwishoni, ongeza nusu ya ile sehemu ya nane, yaani milimita moja na nusu hivi. Geuza jedwali zima kwenye daftari kabla ya kugusa msumeno, na mpe mtu mwingine arudie hesabu. Mimi ninampa binti yangu, hanionei huruma.

Ramani za kuchapa nyumbani zina mtego wake. Zimepangwa kwa karatasi ya Marekani, yenye upana wa milimita 216, na A4 yetu ina 210. Mashine ya kuchapa ikiachwa iamue yenyewe, inapunguza mchoro karibu asilimia 3 ili uingie. Mimi nilichapa kurasa za kwanza mahali pamoja, umeme ukakatika, nikamalizia kwingine siku iliyofuata. Kalibu tatu zikatoka ndogo kuliko jirani zake na mtumbwi ukaingia kiuno kama chupa ya soda. Kila ramani ya maana ina mstari wa kupimia pembeni. Weka rula juu ya mstari huo kwenye kila ukurasa, si ule wa kwanza peke yake. Angalia pia kama michoro inaonyesha ngozi ya nje au sehemu ya ndani ya fito. Kama ni ya nje, kila kalibu ipunguzwe zile milimita 6 kuizunguka.

Kuhusu umbo, usichukue mtumbwi kwa sababu ni mzuri pichani. Wengi wanapenda ule uitwao Prospector, uliojulikana kupitia kiwanda cha Chestnut huko Fredericton, Kanada. Una kuta ndefu, na chini yake imepinda kuelekea ncha zote mbili ili ugeuke haraka mtoni. Sisi hatuna mto wa kuchezea: Ruzizi si wa mchezo. Tuna ziwa, na upepo wa alasiri. Tafuta umbo lenye ncha fupi na chini iliyonyooka zaidi, linaloshika njia.

Sasa mbao. Vitabu vyote vinakuambia utumie mwerezi mwekundu wa pwani ya magharibi ya Amerika Kaskazini, wenye uzito wa kilo 370 hivi kwa mita ya ujazo. Rafiki mmoja alianza kuuliza namna ya kuuagiza. Nilimwambia: ndugu yangu, ule si hata mwerezi wa kweli, ni jamaa ya sipre, na sipre imejaa milimani kwetu.

Fanya hesabu hii. Mtumbwi wa mita 5 una ngozi ya meta mraba 5.5 hivi. Kwa unene wa milimita 6, mbao yote ni mita ya ujazo 0.033. Ukiijaza kwa ule mwerezi ni kilo 12. Kwa sipre, yenye kilo kama 450, ni 15. Kwa libuyu, yenye kama 650, ni 21 na ushee, na mkaratusi unapita hapo. Kwa hiyo kuikosa mbao ya Kanada kunakugharimu kilo 3. Kung'ang'ania libuyu kunakugharimu karibu 10, na bado hujaweka epoksi wala viti.

Lakini miti haifanani, na jina peke yake halitoshi. Ninakwenda sokoni na mizani ya jikoni. Ninaomba kipande kikatwe sentimita 10 kwa 10 kwa 5, ninakipima, ninazidisha gramu kwa mbili: gramu 225 maana yake kilo 450 kwa mita ya ujazo. Kijana mmoja muuzaji aliita wenzake waje kuona. “Papa, sasa na mbao unapima kama sambaza?” Acha wacheke. Kipande hicho hicho nenda nacho nyumbani, ukipime kila wiki. Kikiendelea kupungua, mbao zako bado zina maji, ziache zimepangwa chini ya paa na vijiti katikati.

Adui wa sipre ni vifundo. Fito yenye kifundo inavunjika palepale unapoikunja. Chagua ubao wenye nyuzi zilizonyooka, hata ukiwa mfupi, kwa sababu vipande viwili vinaungwa kwa mkato wa mshazari. Kwa unene wa milimita 6, mshazari uwe na urefu wa karibu milimita 48. Nunua kwa ziada pia: msumeno wa duara unaokula milimita 3 unakupa fito 22 tu kwenye ubao wa sentimita 20, na theluthi ya mbao inakuwa vumbi sakafuni. Funga pua, hasa ukipasua muvula.

Libuyu yangu iliyobaki niliitumia kwenye viti na ncha za mbele na nyuma, inapendeza sana pale. Kuhusu epoksi, usikubali kubadilishiwa kwa gundi ya polyester kwa sababu ni rahisi. Haishiki mbao vizuri; kipande changu cha majaribio nilikibandua kwa kucha.

Mtumbwi wa pili, wa sipre, ninaushusha na binti yangu bila kupumzika na jioni tunaupandisha. Ule wa libuyu uko Nguba kwa shemeji, karibu na maji. Tangu siku ile haujapanda tena mlima.