Panga Kazi Ukijua Watu Wataondoka

Mtu wa kujitolea haandiki barua ya kuacha kazi. Leo yupo, kesho kapata ajira Dodoma, na wewe mratibu unashtuka pale tu kundi la WhatsApp linapopoa. Nimekuwa kwenye uchoraji wa ramani huria kwa miaka kadhaa, na kwa anayeanzisha kundi la namna hii nasema: usihangaike kuwazuia watu. Igawe kazi ili anayeondoka asiondoke nayo.

Tazama Tasking Manager, programu wanayotumia wachoraji wa OpenStreetMap, ramani ya dunia ambayo yeyote anaweza kuichora na kuitumia bure. Eneo linakatwa vipande. Unachukua kimoja, kinafungwa kwa jina lako, unachora nyumba na barabara juu ya picha ya setilaiti. Zikipita saa 2 hujamaliza, kinafunguka chenyewe na mwingine anakichukua. Hakuna wa kukupigia simu kukuuliza umepotelea wapi. Ukimaliza, mwenye uzoefu anakihakiki. Hata kama kundi lako halichori ramani, uige utaratibu huo: kazi ya kutosha jioni moja, dhamana yenye kikomo, na jicho la pili.

Programu haitakusaidia kujua nani mwenye neno la mwisho. Mchoraji aliyeko Ujerumani anaona paa, lakini hawezi kujua kama ni zahanati au ghala. Anayejua ni mjumbe wa mtaa, mama ntilie, bodaboda. Mradi wa Ramani Huria wa Dar es Salaam, ulioanza mwaka 2015, uliwatembeza wanafunzi wa vyuo na wakazi mitaani kukusanya taarifa za maeneo yanayofurika. Liandikeni mapema kwamba aliye mtaani ndiye anayesikilizwa, kwa sababu wa mbali ndio wenye muda na intaneti nzuri, na bila hata kukusudia watajikuta wanaamua kila kitu.

Halafu posho. Wengi wanaikwepa mada hii, kisha inawavunjia kundi. Kujitolea si kutoa nauli mfukoni mwako ili utembee juani. Rudisha nauli, maji na bando, na kiwango kitangazwe mbele ya wote. Ila usilipe kwa idadi ya nyumba zilizochorwa. Ukilipa hivyo utaletewa mapaa mengi mno, mengine yamechorwa mara mbili, na wahakiki wako watachoka kabla ya wachoraji.

Maamuzi nayo yasikae WhatsApp, kwani yanafukiwa na salamu za asubuhi. Yaandikwe mahali pamoja ambapo mgeni wa mwezi ujao atayakuta, pamoja na sababu zake. Makundi mengi ya kimataifa hutangaza pendekezo, husubiri siku kadhaa, na asiyepinga huhesabiwa amekubali. Kwetu hilo lina walakini. Mdogo hampingi mkubwa hadharani, na mara nyingi ukimya wake ni kukataa kwa adabu. Kabla siku hazijaisha, mimi huwapigia wawili watatu walionyamaza, pembeni, niwaulize wanaonaje. Mapendekezo kadhaa yamebadilika kwa simu hizo.

Nywila za akaunti zishikwe na watu wawili au watatu, wanaoishi miji tofauti. Kisha mratibu apumzike wiki nzima, asijibu chochote. Atakaporudi aangalie kilichokwama, na hicho ndicho cha kumfundisha mtu mwingine kabla ya mradi mpya kuanza.