Mabishano ya Tabianchi na Dhoruba: Ushauri kwa Wanaoanza Kupeleka Utabiri kwa Wananchi

Ninyi mnaoanza kazi katika ofisi za mazingira na kilimo za wilaya, pamoja na watangazaji mtakaosoma utabiri kwa Kiswahili kwa wasikilizaji wa Busia, Mutukula na mialo ya Ziwa Viktoria, mtagundua mapema kwamba watu hawabishani nanyi kuhusu mvua peke yake. Katika mkutano uleule mzee atasema kwamba ongezeko la joto duniani ni hadithi ya wafadhili, kijana atadai kwamba kila radi inayopiga imeletwa na mabadiliko ya tabianchi, na mama mwenye boti atataka tu kujua kama ziwa litatulia usiku huu. Hayo ni maswali matatu, na ushahidi wa kila moja una uzito wake. Karibu mabishano yote niliyoyasikiliza yalichafuka kwa sababu mtu alichukua udhaifu wa jibu moja akautumia kuliangusha jingine, au alichukua uhakika wa jibu moja akaupaka juu ya jingine lisilostahili.

Swali la kwanza ndilo lenye jibu thabiti zaidi. Jopo la Kiserikali la Mabadiliko ya Tabianchi, IPCC, lililoundwa mwaka 1988, lilitamka katika ripoti yake ya 2021 kwamba hakuna shaka kuwa shughuli za binadamu zimeongeza joto la angahewa, bahari na nchi kavu, na kwamba joto la muongo wa 2011 hadi 2020 lilizidi lile la 1850 hadi 1900 kwa takriban nyuzi 1.1 za Selsiasi. Hapa msiyumbe, na wala msikae muda mrefu. Mzee wa hadithi ya wafadhili mkubalieni kwamba fedha za miradi ya tabianchi zinastahili kuulizwa zinakokwenda, kisha mwelezeni kwamba kipimajoto hakisomi mkataba wa mradi.

Swali la pili, yaani namna joto hilo linavyobadilisha dhoruba, ndilo lililowagombanisha wataalamu hadharani, na mgeni wa kazi hii anafaidika akiijua historia yake. Januari 2005 mtafiti wa vimbunga wa Marekani, Christopher Landsea, alijiondoa katika uandishi wa ripoti ya IPCC, akilalamika kwamba mwenzake alizungumza na waandishi wa habari kana kwamba uhusiano kati ya joto na vimbunga vya Atlantiki ulikuwa umekwisha kuthibitishwa. Agosti mwaka huohuo Kerry Emanuel, mwanasayansi mwingine wa vimbunga wa Marekani, alichapisha makala iliyoonyesha kwamba nguvu ya jumla ya vimbunga ilikuwa imeongezeka sana tangu miaka ya 1970, na kabla mwezi haujaisha kimbunga Katrina kikaizamisha New Orleans. Hoja ya kitaalamu ikageuka silaha ya kisiasa. William Gray, aliyekuwa akitoa utabiri wa msimu wa vimbunga vya Atlantiki tangu 1984, aliupinga vikali uhusiano huo, na hakuamini hata kwamba binadamu ndiye chanzo kikuu cha ongezeko la joto.

Kisha ukaja msimu wa 2006. Timu ya Gray ilikuwa imetabiri dhoruba 17 zenye majina; zikatokea 10, kwa kuwa El Niño, yaani kuongezeka kwa joto la maji ya Bahari ya Pasifiki karibu na ikweta, ilianza kujengeka na kuvuruga mazingira yanayolea vimbunga vya Atlantiki. Kosa la utabiri wa msimu mmoja, lililofanywa na mtu aliyekuwa upande wa wenye shaka, halikuthibitisha wala kukanusha lolote kuhusu ongezeko la joto la karne nzima. Hata hivyo hoja ya namna hiyo, kwamba aliyekosea kuhusu mwaka huu hawezi kujua ya miaka hamsini ijayo, mtaisikia kila mahali, na hapa Uganda huletwa kwa maneno yaleyale. Jibu lake ni kwamba utabiri wa msimu hutegemea hali ya bahari inayobadilika ndani ya miezi michache, ilhali mwelekeo wa joto wa muda mrefu hutegemea kiasi cha gesi kinachorundikana angani; ni hesabu mbili tofauti, na kosa la moja halihamii kwenye nyingine.

Jambo ambalo watu husahau kulisimulia ni lililotokea Julai mwaka huohuo wa 2006. Wanasayansi kumi wa vimbunga, Emanuel na Landsea wakiwa miongoni mwao, walitia saini tamko la pamoja wakisema kwamba mjadala wao kuhusu tabianchi usiwasahaulishe watu tatizo kubwa zaidi la wakati ule, yaani ujenzi na ongezeko la watu katika pwani zilizo hatarini. Naliona tamko hilo kuwa na manufaa kwetu kuliko nusu ya vijitabu tunavyogawa. Maporomoko ya ardhi yaliyokifunika kijiji cha Nametsi, Bududa, tarehe 1 Machi 2010, mafuriko ya Mbale ya mwishoni mwa Julai 2022 na maporomoko ya Bulambuli ya Novemba 2024 yote yalitanguliwa na mvua kubwa. Lakini pia yaliwakuta watu wengi wakiishi na kulima kwenye miteremko ya Mlima Elgon iliyopoteza miti, au kandokando ya mito. Ni kweli kwamba hewa yenye joto zaidi hubeba mvuke zaidi, takriban asilimia 7 kwa kila nyuzi moja, na kwamba mvua kubwa zinatarajiwa kuzidi ukali. Hata hivyo kiongozi anayesema "ni tabianchi" na kunyamaza anajivua wajibu wa mahali watu walipojenga, na ninyi msimsaidie kufanya hivyo.

Kuhusu vimbunga vyenyewe, waambieni watu waziwazi kwamba havifiki Uganda. Havijengeki karibu na ikweta, kwa kuwa huko nguvu ya mzunguko wa dunia inayovizungusha ni dhaifu mno. Vinaweza tu kuvuta au kusukuma unyevu kutoka mbali, kama ilivyokuwa Machi 2019 wakati Idai ilipoipiga Beira, Msumbiji, na mvua za masika zikachelewa katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki. Dhoruba inayoua watu wetu ni ya ziwani. Usiku nchi kavu hupoa, ziwa hubaki na joto, pepo za kutoka kando zote hukutana juu ya maji, na radi hujengeka kabla ya alfajiri, wakati wavuvi wa mukene, yaani dagaa, wako mbali na mwalo. Watafiti wameonyesha kwamba radi za alasiri juu ya nchi kavu husaidia kubashiri ukali wa usiku unaofuata. Kwa hiyo mama mwenye boti msimpe somo la IPCC. Mpeni tahadhari ya saa hizi, mkimtajia sehemu ya ziwa na muda.

Utabiri wa msimu ndio unaohitaji uangalifu mkubwa zaidi, kwa sababu unaonekana rahisi. Mamlaka ya Taifa ya Hali ya Hewa inaposema kwamba kuna uwezekano wa asilimia 45 wa mvua za juu ya wastani, msingi wake ni miaka ya nyuma, kwa kawaida 30, iliyogawanywa katika mafungu matatu sawa: juu ya wastani, wastani na chini ya wastani. Asiye na taarifa yoyote angetoa takriban asilimia 33 kwa kila fungu. Asilimia 45 kwa hiyo ni mwelekeo tu, na bado inaacha 55 kwa mafungu mengine mawili. Mtangazaji akisoma "mvua kubwa zinakuja" ameunda ahadi ambayo mtabiri hakuitoa, na mkulima wa mahindi atamdai yeye.

Hatari ya upande wa pili ilionekana Kenya. Oktoba 2023 Rais William Ruto alisema hadharani kwamba mvua kali za El Niño zilizohofiwa hazingekuja, ilhali utabiri wa idara ya hali ya hewa uliendelea kuonyesha mvua za juu ya wastani. Kufikia Desemba mafuriko yalikuwa yameua zaidi ya watu 100. Mkubwa wenu akiwaomba mlainishe tahadhari, mwombeni aandike.

Pale ambapo wataalamu bado wanatofautiana, semeni hivyo bila haya. Barafu ya Rwenzori ilipungua kutoka takriban kilometa za mraba 6.5 mwaka 1906 hadi chini ya moja kufikia 2003, na hakuna anayekana kupungua huko. Watafiti wamebishana kama kisababishi kikuu ni joto la hewa au kupungua kwa unyevu na mawingu. Mwananchi akisikia tofauti hiyo kutoka kwenu, hatashtuka akiletewa na mtu anayetaka kuitumia kufuta mengine yote.

Mwisho, wekeni daftari. Andikeni tarehe, eneo, asilimia iliyotangazwa na kilichotokea, na msifute mistari inayowaaibisha. Utabiri wa asilimia 45 haupimwi kwa msimu mmoja, hivyo daftari la miaka michache halitatosha kumaliza ubishi, lakini anayesema kwamba utabiri hukosea kila mara atakuwa na kitu cha kukisoma. Likionyesha kwamba wilaya yenu inakosewa mara nyingi kuliko jirani, lipelekeni kwa watabiri wenyewe, kwa sababu vituo vya kupimia mvua ni vichache na huenda hakuna hata kimoja kilicho karibu nanyi.