Maswali ya Wasomaji: Siku Moja Baharini kwa Boti ya Kukodi

Katika toleo lililopita nilieleza kwa ufupi jinsi familia au kundi la marafiki linavyoweza kukodi boti nzima kwa siku moja ili kwenda visiwani kutazama matumbawe na wanyama wa baharini. Barua zilizofuata ni nyingi, nami nimechagua nne zinazogusa mambo ambayo mtu asipoyajua mapema atayajua akiwa tayari yumo majini.

Shikamoo mzee. Mimi na mume wangu tunaishi Dodoma, tuna watoto watatu, na mwezi wa Desemba tutakuwa Unguja pamoja na bibi yao. Tunataka kukodi boti kwenda kisiwa cha Mnemba. Wawili kati yetu hatujui kuogelea. Tuondoke saa ngapi, na tumuulize nini nahodha kabla ya kulipa? — Mama wa watoto watatu, Dodoma

Marahaba mwanangu, na karibuni Unguja. Nianze na jambo ambalo wengi hulisahau wanapopatana bei: aliyekodi boti nzima amenunua muda. Boti ya kuchangia huondoka saa ile ile kila siku, maji yawe yamejaa au yamekupwa, kwa sababu abiria wake wametoka hoteli mbalimbali na kila mmoja ana saa yake ya kurudi. Ninyi mnaweza kuondoka maji yanapofaa, na uwezo huo una thamani kuliko matunda na soda mtakazoandaliwa.

Kwa hiyo, kabla ya kuchagua tarehe, tazameni mwezi. Siku za bamvua, yaani zile zinazofuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu, bahari yetu hupanda na kushuka kwa takriban mita 4. Huko Matemwe, kijiji cha pwani kinachoelekeana na Mnemba, bamvua likipwa katikati ya asubuhi, mtatembea mbali juu ya mchanga na mwani kabla ya kuifikia boti, na bibi hatakushukuruni kwa matembezi hayo. Miambani nako mkondo huwa na nguvu, na sehemu za juu za mwamba hubaki na maji haba kiasi kwamba anayeelea huhatarisha kifua chake na matumbawe kwa pamoja. Siku za maji mafu, kati ya tarehe 8 na 10 na tena kati ya tarehe 22 na 24 za mwezi wa Kiislamu, mkondo hulegea. Kwa wasiojua kuogelea, chagueni siku hizo, na mwombe nahodha awafikishe mwambani maji yakiwa yameshaanza kujaa, kwa kuwa maji yanayoingia kutoka bahari kuu ni safi zaidi kuliko yale yanayotoka ufukweni yakiwa yamebeba mchanga.

Desemba ni mwanzo wa kaskazi, na Mnemba iko upande ambao upepo huo unaupiga moja kwa moja. Sikilizeni utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa jioni ya kuamkia safari. Mkisikia ile kauli yao ya upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2, msibishane na nahodha anayetaka kuahirisha, mshukuruni. Mnaweza kuhamishia safari upande wa magharibi, kwenye kisiwa cha Bawe au Changuu, ambako Unguja yenyewe hukinga upepo, na huko Changuu watoto watawaona kobe wakubwa ambao wazee wao waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919.

Mjue pia kwamba hamtashuka katika kisiwa cha Mnemba. Ni kisiwa kidogo kilichokodishwa kwa hoteli. Kinachotembelewa ni miamba inayokizunguka, ambayo tangu mwaka 2002 imo katika eneo la hifadhi na ina kiingilio chake. Ulizeni kama kiingilio kimo katika bei mliyopatana, na mdai risiti.

Sasa nahodha. Mwombe akuonyeshe cheti cha ukaguzi wa chombo kutoka Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar, kisha umwombe majaketi okozi, na usiridhike kuambiwa kwamba yapo. Yavalisheni watoto pale pale ufukweni. Mfunge mtoto kamba zote, kisha shika jaketi mabegani ulivute juu. Likipanda hadi masikio yakazama ndani yake, ni kubwa mno, na majini jaketi litaelea peke yake huku mtoto akiteleza chini. Nimeona boti yenye majaketi 20, yote ya watu wazima, ikipakia watoto 6. Hilo si jambo la kuvumilia kwa sababu tu mmeshalipa malipo ya awali. Ulizeni pia kama kuna ngazi ya kupandia, maana kutoka majini bila ngazi ni kazi hata kwa kijana, na nani atabaki kwenye usukani ninyi mkiwa majini.

Wawili msiojua kuogelea, fanyeni mazoezi ya miwani ya majini na mrija wa kupumulia siku moja kabla, mahali ambapo maji yanafika kiunoni. Bandika miwani usoni bila kufunga mkanda, vuta pumzi puani. Ikiganda yenyewe, imekukaa vizuri, na isipoganda, mara nyingi ni unywele uliobanwa pembeni. Tema mate ndani ya kioo, sugua kwa kidole, suuza kidogo. Wageni hucheka wakiona, lakini kioo hakitafunikwa na ukungu. Halafu lala kifudifudi ukiwa umevaa jaketi, pumua kwa mdomo polepole, na usiinue kichwa hadi pumzi zimetulia. Kesho yake, mkiwa na jaketi na boya la duara la kushikilia pamoja na kiongozi, mtawaona samaki waitwao pono wakiguguna mwamba, na mkinyamaza mtaisikia sauti ya meno yao.

Bibi akitaka kubaki botini, mkalishe karibu na katikati ya chombo, akiwa amekula kitu chepesi na akitazama mbali, asilewe bahari.

Mimi ni mwanamke wa Kiislamu, ninaishi Mombasa. Ndugu zangu wamekodi boti kutoka Shimoni kwenda Kisite. Natamani kuingia majini lakini sitavaa nguo za kuogelea za kawaida. Je, nibaki botini? — Msomaji wa Mombasa

Usibaki, dada yangu. Nguo ndefu inayobana mwili kiasi na kukausha maji haraka, yenye kofia yake, ndiyo vazi bora kwa mtu yeyote anayeelea kifudifudi saa nzima, kwani jua la mchana huunguza mgongo na nyuma ya magoti bila mtu kuhisi. Aliyejifunika hana haja ya kujipaka mafuta mengi ya jua, ambayo baadhi yake yana kemikali zinazodhuru matumbawe. Tahadhari yangu ni moja tu: usiingie na dera wala buibui. Kitambaa kipana hujaa maji, kikapanda kifuani na kuzinga miguu unapohitaji kupiga mateke. Kisite ni hifadhi ya taifa, kilomita za mraba 28 za bahari ambamo uvuvi hauruhusiwi, na ndiyo maana samaki wake hawakimbii mtu. Itakuwa hasara uwatazame kutoka juu.

Mzee, tuko vijana wanane Dar es Salaam. Tunataka kukodi yoti ya matanga, tuende Mafia kuogelea na papa potwe, turudi siku hiyo hiyo. Inawezekana? Na je, ni salama? — Vijana wa Kinondoni

Kwa siku moja, kwa tanga, haiwezekani, na anayewaahidi hivyo anawadanganya. Mafia ni zaidi ya kilomita 100 kusini yenu. Pandeni ndege, au nendeni kwa barabara hadi Nyamisati mkavuke kwa boti hadi Kilindoni, mlale, kisha mkodi chombo pale pale asubuhi. Papa potwe huonekana karibu na Kilindoni yenyewe, hasa kuanzia Oktoba hadi Februari. Angalieni maji hapo pia, kwa sababu vyombo hukaa mchangani bahari ikipwa.

Kuhusu usalama, papa potwe ndiye samaki mkubwa kuliko wote duniani, anaweza kuzidi mita 12, lakini chakula chake ni vijidudu na uduvi anaouchuja kwa kuachama mdomo. Hana haja na mguu wa mtu. Wengi wanaoonekana Mafia ni madume ambao bado hawajakomaa. Pwani ya Kenya wapo wanaomwita papa shilingi, kwa madoa meupe ya mgongoni yanayofanana na sarafu zilizomwagwa, na madoa hayo hutofautiana kwa kila mmoja, hata watafiti huwatambua kwa picha za ubavu wao.

Anayehitaji usalama ni yeye. Boti zenye pangaboi humkata, nyavu humnasa, na tangu mwaka 2016 amewekwa katika orodha ya wanyama walio hatarini kutoweka duniani. Muwe wachache majini kwa wakati mmoja, kaeni mita 3 au 4 kutoka kwake, mbali zaidi na mkia, na msimguse wala msimkate njia mbele. Wanane mkiruka kwa kishindo, atazama, na safari yenu itakuwa imekwisha. Wanne waingie taratibu, wanne wasubiri. Boti ni yenu, hakuna anayewaharakisha.

Shikamoo mzee. Mimi ni nahodha kijana, kaskazini ya Unguja. Wageni wanaokodi boti yangu hutaka niwakimbize pomboo, niwakatie mbele, wao waruke juu yao. Nisipofanya hivyo hununa, na bakshishi sipati. Nifanyeje? — Nahodha

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, kwa sababu na mimi nilifanya kazi hiyo, na niliwakimbiza.

Nikueleze nilichokiona siku niliyoacha. Tulikuwa boti saba karibu na Mnemba, tumewazunguka pomboo wasiozidi kumi. Palikuwa na mama na mtoto wake, mdogo bado, mwenye mikunjo ubavuni kama nguo iliyotolewa sandukuni. Kila walipopanda kuvuta pumzi, boti moja ilikuwa mbele yao na watu wakiruka. Mama akazama. Mtoto hakuwahi kupumua sawasawa; akafungua tundu la kichwani mara mbili kwa pupa, kisha naye akamfuata. Walirudia hivyo kwa muda mrefu, na kila mara alikuwa akichelewa kidogo zaidi nyuma ya mama yake. Mgeni wangu alikuwa akipiga picha, na alinipa bakshishi nzuri sana.

Wewe unajua, lakini wageni wako hawajui, kwamba pomboo ni mnyama wa pumzi kama sisi, na kwamba hata usingizi wake ni wa nusu ubongo, ili nusu nyingine imkumbushe kupanda juu. Watafiti waliowafuatilia pomboo wa Kizimkazi, kusini ya Unguja, wameeleza kwamba boti za watalii zikiwapo, muda wao wa kupumzika, kula na kuchezeana hupungua, na muda wa kusafiri huongezeka sana. Siku nzima wanahama. Kizimkazi hiyo hiyo, kabla ya utalii kuanza mwanzoni mwa miaka ya 1990, pomboo walivuliwa ili wawe chambo cha papa. Wazee wa huko waliacha kwa sababu pomboo aliye hai alianza kulisha nyumba nyingi zaidi. Nasi tukiwachosha hadi wahame, tutakuwa tumewavua kwa njia nyingine, na mkate wako utakwenda nao.

Kuhusu bakshishi, kosa lako, ikiwa utaniruhusu kuliita kosa, ni kwamba unawaeleza wageni wakiwa tayari wamewaona pomboo. Hapo hakuna anayesikia. Waeleze ufukweni, kabla hujavuta nanga, tena kwa sauti ya mwenye chombo: leo tutawakaribia kwa ubavu, hatutawakata mbele, tutasimama mbali, na wakitaka watakuja wenyewe. Zikiwapo boti nyingine mbili au tatu, utapita moja kwa moja uende mwambani, urudi baadaye. Ni boti ya kukodi nzima, muda mnao. Asiyekubali, mrudishie pesa yake kabla ya safari. Najua si rahisi katika miezi ya masika, wageni wanapokuwa wachache, na sikulaumu kwa kusita.

Jambo jingine ni nanga. Ukifika mwambani, funga kwenye boya lililowekwa. Lisipokuwapo, tafuta mchanga, umtume baharia wako azame aiweke nanga kwa mkono. Tumbawe la mviringo unalolivunja kwa sekunde moja hukua kwa takriban sentimita 1 kwa mwaka, na matumbawe yetu yalishaungua kwa joto la bahari mwaka 1998 na tena 2016. Mgeni akimwona baharia anazama na nanga mikononi, ataelewa kazi yako kuliko kwa hotuba yoyote.

Na ukishasimama mbali na pomboo, zima injini kabisa, usiiache ikinguruma. Waambie wageni wakae sakafuni, kimya, mikono juu ya ukingo wa boti. Inaweza kuchukua dakika kumi, pengine ishirini, na watoto wataanza kuuliza. Kisha utasikia ile pumzi, puu, upande ambao hakuna aliyekuwa akiutazama, karibu kiasi kwamba matone yake huwafikia usoni. Bakshishi ya siku hiyo uniandikie ilikuwa kiasi gani.