Joto kwenye Beetle: usiingize moto ndani, fufua njia yake

Ndugu uliyeuliza, umesema unahamia Kabale, kusini-magharibi mwa Uganda, na Volkswagen Beetle yako ya injini ya cc 1300, asubuhi kioo cha mbele kinajaa ukungu hadi huoni barabara, na kuna jamaa kakushauri uweke sigiri ndogo ya makaa sakafuni, au bomba la eksozi lipindwe lipite chini ya kiti. Nakuomba sana, usifanye hata moja kati ya hayo.

Mimi naendesha gari kama hilo kati ya Kisoro na Kabale, mwaka wa tisa huu. Kabale yenyewe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na mlima wa Kanaba, njiani kwenda Kisoro, ni juu zaidi. Ukungu wa msitu wa Echuya ukishuka huoni hata pua ya gari. Kwa hiyo shida yako naijua.

Beetle ilitoka kiwandani na joto lake. Injini yake, iliyo nyuma, haipozwi kwa maji, basi hakuna maji moto ya kukupasha kama kwenye magari mengine. Joto linachukuliwa kwenye eksozi. Kila upande wa injini kuna boksi la bati lililofunika bomba la eksozi. Feni ile ile inayopoza injini inasukuma hewa safi kupitia mpira mpana, hewa inapita kwenye mapezi ya bomba la moto, kisha inafuata mifereji ya bati iliyo chini ya milango, pale unapokanyaga ukiingia, na kutokea miguuni na kwenye kioo. Vile vishikio viwili kando ya breki ya mkono ndivyo vya kufungua na kufunga. Kati ya hewa unayovuta na moshi wa injini kuna ukuta mmoja tu wa chuma.

Langu nililinunua likiwa limevuliwa maboksi na kuwekewa mabomba matupu. Kwenye joto la tambarare mwenye gari anaona maboksi ni mzigo tu. Ubaya ni kwamba ile midomo miwili ya feni iliachwa wazi, hewa ya kupoza ikawa inamwagika bure, na kila nikipanda Kanaba injini inanuka mafuta ya kuungua. Kama lako liko hivyo, ziba midomo hiyo leo hii, hata kabla ya kufikiria joto.

Nikanunua maboksi mitumba Kampala, nikayafunga bila kuyapima. Ijumaa moja usiku tulikuwa tunaelekea Kabale, mama watoto pembeni yangu, kitinda mimba amelala kiti cha nyuma. Gari lina joto zuri, tunafurahi. Tulipokaribia Muko mtoto akaamka analia kichwa, akatapika. Tukadhani ni kona. Kisha nami nikahisi paji la uso linabana, mama watoto akasema macho yake mazito. Hapakuwa na harufu yoyote ya moshi. Nilisimamisha gari, nikafungua milango yote, tukasimama nje kwenye baridi ile, mtoto begani kwangu, mpaka akaomba chai. Ilikuwa gesi ya sumu ya kaboni monoksidi: haina rangi, haina harufu, na aliyelala huenda asiamke kukwambia. Sigiri yako ingetoa gesi hiyo hiyo.

Kesho yake nilivua maboksi nikampelekea mzee mmoja anayeziba pancha. Tulikata vipande vya tyubu kuukuu, tukaziba midomo ya bomba la moshi kwa klampu, tukaacha tundu dogo la kupulizia upepo, kidogo kidogo. Tukazamisha boksi kwenye pipa lake la maji kama anavyofanya tyubu. La kulia likatulia. La kushoto, mapovu madogo yakaanza kutoka kwenye mdomo wa hewa ya moto, moja, moja, kisha mfululizo. Mzee akasema, "Kijana, hapo ndipo ulipokuwa unavutia pumzi." Ufa uko ndani, chini ya bati, kuuchomelea uaminike ni vigumu. Nikatafuta lingine, na safari hii nikalizamisha kabla ya kulipa.

Ubunifu wako uweke kwenye njia ya hewa, usiuweke kwenye chanzo cha joto. Mimi kebo za vishikio nimetumia za breki ya nyuma ya baiskeli. Mipira mipana nimeweka ya alumini inayokunjika. Mpira wa kawaida utayeyuka kule nyuma. Mifereji ya chini ya milango ilikuwa imeoza, mafundi wa bati wa Katwe, Kampala, wakanikunjia mipya. Usiijaze matambara wala lami, maana hiyo pia ndiyo inayobeba bodi. Gasketi za eksozi weka mpya pande zote.

Vile vifeni vya umeme vya volti 12 vya kupasha joto nimejaribu. Cha wati 150 kinakula zaidi ya ampea 12, na joto lake linatosha kufuta kipande cha kioo tu. Kama dainamo yako ni dhaifu, usiku taa zitafifia.

Halafu usishangae: ukishuka Kanaba kwenda Kisoro joto linapungua, kwa sababu mguu umetoka kwenye mafuta na eksozi inapoa. Tena safari nzima mimi huacha kidirisha kidogo cha pembeni wazi kiasi cha kidole. Hata maboksi yakiwa mazima, kidirisha hicho sikifungi, na maboksi nayarudisha pipani kila mwaka.

Sasa lala chini nyuma ya gari, chungulia kila upande wa injini. Ukiona bomba tupu badala ya boksi la bati, niambie, nitakueleza vipimo vya kuangalia kabla hujanunua.