Benki ziliokolewa 2008, mbona uchumi wa dunia ulikokota miguu miaka yote ile?

Mkuu umeuliza kwa nini serikali zilimwaga mahela 2008, benki zikaokolewa, halafu uchumi ukaendelea kuchechemea miaka na miaka. Mi nimekaa kitengo cha mikopo benki moja (siitaji), nakujibu kwa nilichokiona mezani.

Lehman Brothers, ile benki kubwa ya Marekani, kuanguka Septemba 2008 ndo kelele tulizosikia wote, ila ugonjwa wenyewe ni madeni. Kwetu mteja akikwama marejesho bosi hataki kusikia habari ya mkopo chechefu, maana itabidi tutenge hela ya hasara na faida ishuke, so tunampangia upya, tunamuongezea muda, saa nyingine tunampa mkopo mpya alipie ule wa zamani 😅 kwenye vitabu anaonekana mzima kabisa. Kuna mmoja nilimsainia hivyo mara tatu na najua kiwanda hakizalishi, wakati huohuo dada mwenye biashara inayokua tunamrudisha eti dhamana haitoshi. Sasa zidisha hiyo kwa benki za nchi nzima. Ndo yaliyowakuta Wajapani baada ya hisa na viwanja kuporomoka mwanzoni mwa miaka ya 1990, kampuni zombi kibao (zimekufa ila mikopo ya benki inazishikilia), na Ulaya kusini wakaja kupita njia hiyohiyo.

Riba ilishushwa kweli, Marekani ilikaa karibu na sifuri toka Desemba 2008 mpaka Desemba 2015, benki kuu ya Ulaya ndo ikaenda chini ya sifuri kabisa Juni 2014. Lakini mtu aliyezama kwenye deni hakopi apanue biashara, analipa kwanza. Aliyefaidi ni yule mwenye hisa na majumba, vilipanda bei, wa mshahara kabaki palepale.

Halafu serikali nazo zikabana matumizi zote kwa mpigo, Ugiriki uchumi ukasinyaa kama robo nzima, sasa deni utalilipa na nini? 2013 pale na Hispania zaidi ya nusu ya vijana wanaotafuta kazi hawana. Kijana akikaa miaka mitano hivyo ujuzi unaota kutu, hata ajira zikirudi anachukuliwa aliyemaliza chuo juzi. Hili kwangu ndo baya kuliko yote, na hakuna riba inayolitibu.

Yule wa kiwanda, naacha kazi faili lake lilikuwa linaandaliwa mara ya nne.